Jina na Mwenye Jina

Ziwa moja laweza kuwa na majina mawili, na maji yake yasizidi wala yasipungue. Mtu aliyesimama Mbamba Bay hulitazama akaliita Nyasa. Mwenzake aliyesimama ng'ambo huyatazama maji yale yale akayaita Malawi. Samaki mmoja mkubwa wa ziwa hilo, apandaye mito kwenda kutaga mayai, huitwa mbasa upande wa Tanzania, na upande wa Malawi huitwa mpasa. Mvuvi hapotezwi na tofauti hizo. Amemshika samaki yule kwa mikono yake, amemuuza katika masoko ya pande zote mbili, naye ajua kuwa aliyebadilika ni msemaji, si samaki. Daftari halina elimu hiyo. Halina mikono ya kushika wala macho ya kuona. Lina herufi tu, na kwa hesabu ya herufi mbasa na mpasa ni viumbe wawili.

Tofauti hii baina ya mvuvi na daftari yaonekana ndogo, walakini katika zama hizi za kompyuta imekuwa jambo kubwa. Ndiyo inayokaa katikati ya kazi iitwayo ulandanishaji wa data, nayo ni kazi ya kwanza kwa kila kundi la watu wanaotaka kuifundisha mashine kwa pamoja huku kila mmoja akibaki na siri zake.

Zamani kidogo, aliyetaka kuifundisha mashine alikusanya kumbukumbu zote mahali pamoja, kama mfanyabiashara akusanyavyo magunia ghalani. Njia hiyo ilikuwa nyepesi kwa mashine, lakini ya hatari kwa watu, maana ghala moja likivunjwa siri za wote huibwa usiku mmoja. Mwaka 2016 watafiti wa Google walieleza njia nyingine na kuipa jina ambalo kwa Kiswahili laweza kutafsiriwa kuwa ujifunzaji wa mashine wa shirikisho. Katika njia hiyo magunia hayasafiri. Asafiriye ni mwanafunzi. Modeli hupelekwa kwa kila mshiriki, hujifunza mle ndani kutokana na kumbukumbu za mwenyeji, kisha hutoka na mafunzo peke yake. Mafunzo ya wote huchanganywa kwa uzito wa haki: hospitali yenye wagonjwa 300 na zahanati yenye wagonjwa 100 zikishirikiana, mafunzo ya kwanza huhesabiwa robo tatu, na ya pili robo moja. Mwaka 2021 ilitangazwa kazi ya namna hii iliyoshirikisha taasisi 20 za nchi mbalimbali ili kukadiria ni wagonjwa gani wa UVIKO-19 wangehitaji oksijeni zaidi, wala hapana taasisi iliyompelekea mwenzake faili la mgonjwa.

Habari hii yapendeza, na yastahili kupendeza. Lakini kabla ya mashine kujifunza, washiriki hawana budi kuelewana juu ya mambo mawili: wanapima nini, na wanamsema nani.

Jambo la kwanza ni la vipimo. Maabara moja huandika sukari ya damu 126, nyingine huandika 7, na zote zimesema kweli, kwa kuwa moja imehesabu miligramu katika desilita na nyingine milimoli katika lita. Mkulima wa Mbinga ajua kuwa kilo ya kahawa iliyochumwa leo si kilo ya kahawa iliyokwisha kukaushwa. Mama auzaye usipa katika ufuo wa ziwa ajua kuwa debe la usipa wabichi si debe la usipa wakavu. Mashine isipoambiwa hayo itachukua 126 na 7, itafute wastani wao, ipate namba isiyo ya yeyote kati ya wagonjwa hao. Hapo hapana aliyesema uongo, na hata hivyo jibu ni la uongo. Afadhali kosa la vipimo laweza kuonekana: mtaalamu akitazama namba zenyewe hushtuka.

Jambo la pili ni la watu, nalo halishtui mtu. Ili kulielewa, na afikiri msomaji juu ya vituo viwili vya mfano. Kimoja ni hospitali iliyoko juu katika milima ya Umatengo, kwenye nchi ya kahawa na ya ngoro, yale mashimo yanayopangwa miteremkoni ili mvua isiuchukue udongo. Cha pili ni zahanati iliyoko chini, pwani ya Nyasa, kwenye mitumbwi na vichanja vya kuanikia usipa. Watu hupanda na kushuka baina ya nchi hizo mbili: wengine hufuata shamba, wengine hufuata samaki, wengine hufuata ndoa. Mtu mmoja aweza kuanza dawa za kifua kikuu mlimani, dawa ambazo kwa kawaida humezwa miezi sita, kisha akashuka ziwani katikati ya muda huo na kuendelea kutibiwa huko. Nusu ya habari zake ziko juu, na nusu ziko chini. Vituo hivyo vikitaka mashine ijifunze kutokana na nusu zote mbili, ni lazima mstari wa daftari la juu ukutane na mstari wa daftari la chini, mtu kwa mtu. Wataalamu huuita mpangilio huo shirikisho la wima, kwa sababu washiriki wana watu wale wale ila wana habari mbalimbali juu yao.

Sasa mtu huyo ni nani? Mkatoliki wa milimani aliyebatizwa kwa jina la mtume ameandikwa Yohane. Karani wa pwani, aliyezoea matamshi ya Waprotestanti, atamwandika Yohana. Aliyemwandikisha shule aliona fahari kuandika John. Jina lake la ukoo labda ni Ndunguru, au Komba, au Hyera, majina yanayojibiwa na watu wengi sana katika nchi ile. Kuhusu mahali alipozaliwa, ikiwa ni Liuli, daftari la zamani litasema Wilaya ya Songea, la baadaye Wilaya ya Mbinga, na la sasa Wilaya ya Nyasa, kwa maana Mbinga ilitoka katika Songea, na Nyasa ikamegwa kutoka Mbinga mwanzoni mwa miaka ya 2010. Nyumba yake haikusogea hata hatua moja, lakini katika karatasi imehama mara mbili. Mwanamke ana mengi zaidi: jina la baba yake, jina la mume wake, na jina la heshima analoitwa kwa mtoto wake wa kwanza, ambalo kwa majirani ndilo jina lake hasa.

Vituo vile viwili haviruhusiwi kubadilishana orodha za majina waziwazi, kwa sababu orodha ya wagonjwa ni siri yenyewe. Hapo ndipo hesabu ilipoleta msaada wa ajabu. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walitangaza njia ya watu wawili kupatana juu ya siri hali wanazungumza mbele ya hadhara, na mwaka 1986 Catherine Meadows alionyesha jinsi njia ya jamii hiyo iwezavyo kulinganisha vitu viwili vilivyofichwa. Mfano mdogo watosha kuieleza. Jina moja na ligeuzwe kuwa namba 5, na vituo vipatane kwamba kila hesabu itagawanywa kwa 23 na kitakachochukuliwa ni baki. Hospitali ina siri yake, nayo ni 3. Zahanati ina siri yake, nayo ni 7. Hospitali huipandisha 5 kwa kipeo cha 3, hupata 125, na baki lake ni 10. Zahanati huipokea 10 pasipo kujua ilikotoka, huipandisha kwa kipeo cha 7, na baki huwa 14. Kwa upande wake, zahanati ikiwa na jina lile lile huipandisha 5 kwa kipeo cha 7, baki ni 17. Hospitali huipandisha 17 kwa kipeo cha 3, na baki ni 14. Kumi na nne imekutana na kumi na nne. Jina ni moja, na hapana aliyelitamka. Katika kazi ya kweli namba hizo huwa na mamia ya tarakimu, hata hapana kompyuta ya leo iwezayo kurudi nyuma na kuivumbua siri.

Njia hii haina ila katika yale iliyoyaahidi, walakini haikuahidi kumjua mtu. Imeahidi kulinganisha herufi. Jina hugeuzwa kuwa namba kwa kanuni kali, hata herufi moja ikibadilika namba yote hubadilika. Kwa hiyo Yohane na Yohana hutoka wakiwa wageni kabisa. Karani wa kale aliyeshika madaftari mawili mkononi angetabasamu na kusema kuwa huyu ni yule. Mashine iliyofungwa macho kwa ajili ya siri haiwezi kutabasamu, na usiri ule ule unaomlinda mtu asijulikane na mwizi humzuia asitambuliwe na daktari.

Wataalamu hawakulala juu ya tatizo hili. Mwaka 2009 Rainer Schnell na wenzake wa Ujerumani walipendekeza jina likatwe vipande vya herufi mbili mbili, kisha vipande vifichwe katika chujio lililobuniwa na Burton Bloom mwaka 1970, ili kufanana kupimwe pasipo kusoma jina. Yohane hutoa vipande vitano: yo, oh, ha, an, ne. Yohana hutoa vitano: yo, oh, ha, an, na. Vinne ni vya shirika. Mara mbili ya vinne ni 8, na 8 kwa jumla ya vipande 10 ni 0.8. Hapo mashine husema huenda ni mtu mmoja, nayo imesema vema. Lakini John hutoa jo, oh, hn, na kipande kinachoshirikiana na Yohane ni kimoja tu: 2 kwa 8, yaani 0.25. Mashine itamkataa, ijapokuwa mtoto yeyote wa mafundisho ya ubatizo ajua kuwa John na Yohane ni jina moja. Elimu inayohitajika hapo si ya hesabu. Ni elimu ya lugha na ya historia ya nchi: nani alibatiza wapi, na kwa kitabu cha lugha gani.

Kuna kanuni ya zamani zaidi, Soundex, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918 ili kukusanya majina yanayosikika sawa. Nayo huishika herufi ya kwanza kwa nguvu zote. Ndunguru kwa kanuni hiyo huwa N352. Mgeni asiyeuzoea mwanzo wa Nd akaandika Dunguru, jina huwa D526, na mtu mmoja amegawanyika. Kanuni iliyotungwa kwa ajili ya majina ya Marekani imekuja katika nchi ya Kibantu na kushikilia mahali palepale ambapo sikio la mgeni hukosea.

Hatari ya pili ni kinyume cha hiyo, yaani watu wawili kufanywa mmoja. Mwaka 1969 Ivan Fellegi na Alan Sunter, wa ofisi ya takwimu ya Kanada, waliweka msingi wa hesabu isemayo kwamba kufanana kwa jina la nadra kuna uzito kuliko kufanana kwa jina la kawaida. Hekima hiyo yafaa kila mahali, lakini mizani yake haifai kila mahali. Komba akionekana katika madaftari mawili ya Mwanza, huo ni ushahidi mzito. Akionekana katika madaftari mawili ya Mbinga, ni ushahidi mwepesi kama unyoya. Mizani iliyopimwa kwingine ikitumiwa hapa, ugonjwa wa Komba mmoja utaandikwa kwa Komba mwingine. Tena wingi wa jina huharibu hata usiri: tangu mwaka 2011 watafiti wameonyesha kuwa aliyeiba machujio aweza kuyafumbua kwa kuangalia ni lipi linalorudi mara nyingi. Mahali ambapo majina machache ya ukoo hubeba watu wengi, mwizi amekwisha kupewa nusu ya ufunguo.

Pengine msomaji atauliza hasara iko wapi ikiwa mistari michache haikukutana, kwa kuwa mistari iliyokutana ni mingi na itatosha kuifundisha mashine. Swali hilo ndilo mlango wa jambo zima. Wasiokutana hawakupotea kwa bahati nasibu. Mwalimu mwenye jina moja, kazi moja na anwani moja hulandana bila taabu. Asiyelandana ni mvuvi ahamaye kwa msimu, mwanamke aliyeolewa mara ya pili, mzee asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa, mtoto aliyeandikwa kwa jina la bibi yake. Yule mgonjwa wa kifua kikuu aliyeshuka ziwani atabaki katika daftari la mlimani kama mtu aliyeacha dawa, na katika daftari la pwani kama mtu aliyezuka kutoka hewani. Mashine itajifunza kuwa watu wa namna yake huacha dawa. Itaiambia hospitali ya tatu hivyo, na ya nne, na muuguzi ambaye hajapata kumwona mvuvi atamtazama mvuvi wa kwanza kwa shaka. Ndivyo kosa la herufi linavyogeuka hukumu ya tabia. Mtu ametimiza miezi yake sita kwa uaminifu, na amehesabiwa mzembe kwa sababu karani mmoja aliandika e na mwingine a.

Wako wasemao kuwa dawa ya haya yote ni namba ya kitambulisho cha taifa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikionyesha tarehe ya kuzaliwa, na kweli palipo na namba hiyo herufi hazina la kusema. Aliye nayo na aitumie. Lakini kitambulisho hicho hutolewa kwa mtu aliyefikia umri wa miaka 18. Mtoto wa kliniki bado. Jirani wa Malawi au Msumbiji aliyevuka kwa mtumbwi kutibiwa hayumo. Na kumbukumbu zilizoandikwa kabla ya namba hazikuzaliwa nayo. Daraja zuri lililojengwa juu ya nusu ya mto haliwavushi wote.

Funzo lililo bora limo nchini humu humu, mbali na Nyasa, karibu na ziwa lingine. Huko Kisesa, wilayani Magu katika Mkoa wa Mwanza, watafiti wamefuatilia afya ya wakazi tangu mwaka 1994, nao walikuwa na haja ya kuunganisha daftari la kaya na daftari la kituo cha afya. Mwaka 2015 walianza njia iliyo nyepesi kuitaja. Hawakuiachia kompyuta ikisie peke yake gizani. Mtu alipofika kituoni na kukubali, msaidizi aliketi naye, akamwuliza majina yake, kijiji chake, jina la mtu wa nyumbani mwake, hata jina la balozi wa nyumba kumi. Kompyuta ilitoa orodha ya wanaoelekea kufanana, na aliyechagua kwa kusaidiana na msaidizi alikuwa mwenye jina. Hesabu ya Fellegi na Sunter ilikuwamo, lakini ilikuwa mtumishi. Jina la balozi halimo katika kanuni ya nchi yoyote ya ng'ambo. Limo katika maisha ya kijiji cha Tanzania, na kwa hiyo liliweza kutenganisha watu ambao majina yao hayatengani.

Shirikisho la mashine laweza kuiga jambo hilo pasipo kuvunja siri ya mtu. Kazi ya kutambuana ifanywe dirishani, mtu angali yupo. Aulizwe ameandikwa kwa majina gani kwingine, na akikubali, majina hayo yote yatiwe katika hesabu iliyofichwa. Yohane akitiwa pamoja na Yohana na John, namba zake tatu zitakwenda kutafuta wenzake, na moja itakutana. Gharama yake ni dakika chache na adabu ya kuuliza.

Adabu hiyo yadaiwa pia kwa sababu nyingine. Kukutana kwenyewe ni habari. Kituo kikijua kuwa jina fulani limo pia katika orodha ya kliniki ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, kimekwisha kujua yote, hata kama hakikusoma mstari mmoja zaidi. Na katika kijiji ambacho watu wote hujuana habari hiyo hufika mtoni kabla ya mwenyewe. Zipo njia mpya ambazo washiriki hufanya hesabu juu ya waliokutana pasipo mshiriki yeyote kujua ni akina nani. Ni nzito zaidi kwa kompyuta, lakini mahali padogo ndizo zinazofaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeifanya hifadhi hiyo kuwa haki ya mtu katika Tanzania, na Malawi nayo ilitunga sheria yake mwaka 2024. Mwambao mmoja wa ziwa na wa pili sasa una neno la kumlinda mwenye jina.

Basi elimu hii mpya, pamoja na vipeo na machujio yake, imerudi kugonga mlango wa elimu ya zamani kuliko zote, ile ya kujua jina la mtu na kulitamka sawasawa. Mwana hesabu ataleta kufuli isiyovunjika, naye ashukuriwe. Lakini ni mwana lugha atakayemwambia kuwa Yohane ni Yohana, ni mkazi atakayemwambia kuwa Liuli haikuhama, na ni mwenye jina mwenyewe atakayesema neno la mwisho. Mashine inayofundishwa bila hao watatu itajifunza kwa bidii sana habari za watu wasiokuwapo, na waliopo itawaandika kuwa wamepotea.